Namna ya Kuudhibiti Mtindora Uliogeuka Gugu Visiwani

Mtindora ni mmea mtambaazi wa jamii ya maboga na matango, ambao wataalamu wa mimea huuita Coccinia grandis. Anayeuotesha uani kwake huuona kuwa ni mboga isiyo na taabu: hupandwa mara moja ukadumu kwa miaka mingi, machipukizi yake laini hupikwa kama mboga ya majani, na matunda yake mabichi, yanayofanana na matango madogo yasiyozidi urefu wa kidole, hukaangwa au kutiwa kwenye mchuzi. Sifa hizo hizo ndizo zilizoufanya uwe janga katika visiwa vya Pasifiki. Hawaii ulionekana ukiota wenyewe katika kisiwa cha Oahu miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 ulikuwa umeshafika Kona, katika kisiwa kikubwa zaidi cha jimbo hilo. Guam na Saipan nako umepanda juu ya miti, nyaya, nyua na nyumba zilizohamwa, kiasi kwamba mahali pengine linaonekana pazia moja la kijani lisiloonyesha kilichoko chini yake.

Kwao hasa mmea huu ni Afrika ya kitropiki, Afrika Mashariki ikiwemo, pamoja na sehemu za Asia. Huko unaliwa na wadudu waliouzoea, nao hukua kwa kiasi. Ulipovushwa bahari kama mboga, wadudu hao walibaki nyuma. Katika hewa ya joto na unyevu shina lake linaweza kurefuka kwa karibu sentimita 10 kwa siku moja, na majani yake yakishatanda juu ya mti, mti huo hukosa mwanga, hudhoofika na mwishowe huanguka au kukauka ukiwa umesimama. Zaidi ya hayo, matunda yake hulea nzi wa matikiti, mdudu anayeharibu matango, maboga na matikiti ya wakulima wa jirani. Gugu hili, basi, linamgharimu hata mkulima ambaye halijaingia shambani mwake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetunza bustani, shamba au kiwanja katika kisiwa ambacho mtindora umeingia kama mgeni. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mtindora hauondolewi kwa kukatwakatwa. Mtu anayeingia na panga akaanza kufyeka majani huwa anauzidisha, kwa sababu kila kipande cha shina chenye kifundo, yaani pale jani linapochipukia, kikigusa udongo wenye unyevu kinaweza kutoa mizizi na kuwa mmea kamili. Kuuacha kama ulivyo kwa mwezi mmoja zaidi, huku ukijiandaa, ni afadhali kuliko kuufyeka kwa siku moja bila mpango.

Kuutambua bila kukosea

Jani la mtindora lina umbo linalokaribia pembetano, mara nyingine likiwa na ndewe tano zilizo wazi, mara nyingine likifanana zaidi na moyo wenye kingo zilizovunjika. Majani hukaa moja moja kwa kupishana kwenye shina, na kando ya kila kikonyo hutoka kikono kimoja chembamba, kisichogawanyika, kinachojizungusha kwenye chochote kinachokigusa. Ukiligeuza jani na kulitazama karibu na pale linapoungana na kikonyo, utaona vitone vidogo vya tezi. Ua ni jeupe, lina umbo la nyota yenye ncha tano, na ni kubwa kiasi kwamba huonekana kwa mbali. Tunda bichi ni la kijani lenye michirizi myeupe, laini, bila manyoya. Likiiva huwa jekundu kabisa, na ndipo ndege hulifuata.

Mmea unaochanganywa nao zaidi ni mkarela, ambao pia hutambaa na pia umekuwa gugu katika visiwa vingi vya kitropiki. Kuutofautisha si vigumu: mkarela una majani yaliyochanika sana, maua ya manjano, na tunda lenye vinundu ambalo likiiva hugeuka rangi ya machungwa na kupasuka lenyewe. Tahadhari kubwa zaidi inahusu mimea ya asili ya kisiwa. Katika Visiwa vya Mariana, vilimo Guam na Saipan, kwa mfano, kuna mtambaazi mdogo wa jamii hiyo hiyo ya maboga, Zehneria guamensis, ambao hauoti kwa asili popote pengine duniani. Mtu asiyejua anaweza kuung'oa akidhani ni mche wa mtindora. Kama huna hakika, subiri ua au tunda, au umwonyeshe mtu wa idara ya kilimo au ya misitu kabla ya kugusa chochote.

Inafaa pia kujua kwamba mtindora una mimea dume na mimea jike iliyotengana. Ua la mmea jike lina kitunda kidogo nyuma ya petali hata kabla halijachavushwa. Ua la dume lina kikonyo kitupu. Tofauti hiyo huamua kazi ianzie wapi. Mmea jike wenye matunda ndio unaopeleka mbegu mbali kupitia kwa ndege, na kwa hiyo, ukiwa na nguvu kazi chache, uushughulikie huo kwanza, halafu urudi kwa dume.

Kukagua kabla ya kukata

Siku ya kwanza usibebe panga. Beba kamba za rangi au vipande vya kitambaa, daftari na mifuko ya plastiki isiyovuja. Zunguka eneo lote na utafute mahali ambapo mashina yanaingia ardhini, kwa sababu pazia la majani lenye upana wa mita kadhaa linaweza kutokana na shina moja, au likatokana na mashina mengi yaliyoota mizizi njiani. Fuata shina kwa mkono, kuanzia kwenye majani kurudi chini. Shina changa ni la kijani na laini. Jinsi unavyokaribia ardhi ndivyo linavyozidi kuwa nene, la kijivu na gumu kama mti. Unapolifikia shina la chini, lifunge kitambaa na uandike mahali lilipo.

Angalia kwa makini mashina yanayotambaa juu ya ardhi. Haya ndiyo huwadanganya wengi. Shina hupita chini ya majani makavu, na kila baada ya umbali mfupi kifundo kimoja huwa kimeshika udongo na kuanza kujenga mzizi wake. Ukikata shina mama ukaacha sehemu hiyo, utakuwa umeacha mmea mpya uliojitegemea tayari. Kwa hiyo kila kifundo kilichoshika udongo kihesabiwe kuwa ni shina la peke yake na kifungiwe kitambaa chake.

Katika ukaguzi huo huo, chuma matunda yote unayoweza kuyafikia, mabivu kwa mabichi, uyatie mfukoni papo hapo. Usiyadondoshe chini ukitarajia kuyaokota baadaye.

Miche na mimea michanga

Mche uliotokana na mbegu, ambao bado haujafanya kiazi, hung'oka vizuri udongo ukiwa na unyevu. Ushike chini kabisa, karibu na udongo, uvute taratibu huku ukiutikisa, na uhakikishe mzizi umetoka mzima. Udongo mkavu na mgumu huukata mzizi katikati. Ni heri kumwagia maji na kurudi baada ya saa kadhaa.

Mmea uliokwisha kufanya kiazi unadai kazi nyingine. Kiazi ndicho ghala lake: ndani yake mna chakula cha kutosha kuchipua upya baada ya kukatwa, na kuchipua tena baada ya hapo. Chimba kwa jembe au sululu kuzunguka shina kwa umbali wa kutosha, ukienda chini kuliko pale unapodhani kiazi kimeishia, kisha kiinue chote pamoja na mizizi minene inayotoka pembeni. Chekecha udongo wa shimo kwa vidole na utoe vipande vilivyokatika. Kwenye udongo wa kina kazi hii inawezekana. Kwenye miamba ya matumbawe au mawe ya volkano, ambayo ndiyo hali ya visiwa vingi, mizizi hujipenyeza katika nyufa ambazo jembe haliingii, na hapo kuchimba hugeuka kuwa kazi ya kuvunja mawe isiyo na tija. Mahali pa namna hiyo pana njia mbili tu za kweli: kutumia dawa ya kuua magugu kwa uangalifu, au kurudi kila baada ya wiki chache kukata kila chipukizi mpaka kiazi kiishiwe chakula. Njia ya pili inawezekana kwa mtu mwenye mimea michache na subira nyingi. Kwa eneo kubwa sioni kama inafaa kumshauri mtu aianze, kwani akikatiza miezi miwili tu mmea hurudisha nguvu zote.

Mimea mikubwa na matumizi ya dawa

Dawa iliyotumika kwa mafanikio Hawaii ni triklopiri ya aina inayochanganywa na mafuta, ambayo hupakwa kwenye gome la shina karibu na ardhi. Faida yake ni kwamba hupenya gome na kufika mizizini bila kulazimu kunyunyizia majani, na hivyo dawa chache hutumika na mimea ya jirani hupona. Kipimo, mavazi ya kujikinga na masharti ya matumizi vimeandikwa kwenye lebo ya dawa, na lebo hiyo ndiyo sheria. Isitoshe, baadhi ya visiwa huruhusu dawa fulani kwa watu wenye leseni pekee. Ulizia kwanza.

Utaratibu wenyewe ni huu. Shina liachwe zima, lisikatwe wala kuvutwa. Ondoa majani makavu na udongo uliolifunika sehemu ya chini, kisha upake mstari mwembamba wa dawa kuzunguka gome siku ambayo hakuna dalili ya mvua na shina ni kavu. Rudia kwa kila shina lenye kitambaa, pamoja na yale madogo yaliyotoka kwenye vifundo. Kuruka shina moja kunatosha kuuokoa mmea, na ndiyo maana ukaguzi wa siku ya kwanza ulistahili muda wote ule. Baada ya hapo uache mmea ukauke wenyewe mahali ulipo. Majani yatanyauka, yatageuka kahawia na kuanguka kidogo kidogo. Mtu anayekosa subira akauvuta chini ukiwa bado na uhai hutawanya vipande ambavyo dawa haijavifikia.

Kuna hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Dawa inayopenya gome la mtindora hupenya pia gome la mti uliobeba mtindora huo. Pale ambapo shina la gugu limebanana na shina la mti, lisogeze pembeni kwa mkono uliovaa glovu, weka kipande cha plastiki au cha mbao katikati, na ndipo upake. Kama haliwezi kusogezwa, usipake hapo. Tafuta sehemu nyingine ya shina hilo iliyo mbali na mti, hata kama ni kwenye mzizi uliojitokeza. Karibu na kisima, kijito au ufuko usitumie dawa hii kabisa, rudi kwenye jembe. Dawa ya glifosati inayonyunyiziwa majani hukausha pazia la juu haraka na kumpa mtu matumaini, lakini mara nyingi kiazi hubaki hai na kuchipua upya, nayo pia huua kila jani lingine inaloliangukia. Siipendekezi kwa kazi hii isipokuwa kwa machipukizi mafupi yanayorudi baadaye.

Mti uliofunikwa

Mti uliozongwa haupaswi kuvuliwa pazia lake kwa nguvu. Vikono vimeshika matawi kila upande, na anayevuta huvunja matawi na kumwaga matunda mabivu juu ya udongo. Kwa asiyetumia dawa, lililo salama ni kukata kila shina linalopanda mti mara mbili: mara moja kwenye usawa wa goti na mara nyingine kwenye usawa wa kifua, kisha kukiondoa kipande cha katikati na kukitia mfukoni. Nafasi hiyo tupu hukuwezesha kuona kwa jicho moja kama kuna shina ulilolisahau, maana litakuwa bado limeunganisha chini na juu. Hakikisha ncha zinazoning'inia hazigusi ardhi, kwa kuwa zikigusa zinaweza kuota mizizi. Sehemu ya juu itakauka ikiwa mtini, na upepo utaimalizia. Sehemu ya chini, yenye kiazi, ichimbwe siku hiyo hiyo.

Mabaki ya kazi

Hapa ndipo juhudi nyingi huharibikia. Mashina yaliyokatwa yakitupwa bondeni, kando ya barabara au kwenye rundo la mboji, huota. Yakipakiwa kwenye gari lililo wazi, vipande hudondoka njiani na kuanzisha makundi mapya kilomita kadhaa kutoka pale ulipoanzia. Matunda na viazi vifungwe kwenye mifuko mizito ya plastiki nyeusi na kuachwa kwenye jua kali mpaka viwe vimeoza kabisa. Mashina yanaweza kuanikwa juu ya sakafu ya saruji, bati au kichanja kilichoinuka, ili yasipate udongo, mpaka yakauke na kuvunjika yakikunjwa. Pale ambapo kuchoma taka kunaruhusiwa, yachomwe baada ya kukauka. Kabla ya kuondoka mahali hapo, safisha panga, jembe, soli za viatu na mifuko ya nguo. Mbegu za tunda bivu zina utelezi na hunata kwa urahisi.

Wadudu waliotoka Kenya

Hawaii iliamua mapema kwamba mikono ya watu peke yake haitatosha, na Idara ya Kilimo ya jimbo hilo ikatafuta wadudu wanaoula mmea huu katika nchi yake ya asili. Walipatikana Kenya. Mwaka 1996 aliachiwa nondo Melittia oedipus, ambaye viwavi wake hutoboa mashina na mizizi. Mwaka 1999 wakafuata fukusi wawili, Acythopeus burkhartorum, anayesababisha vinundu kwenye mashina, na Acythopeus cocciniae, ambaye viwavi wake huchimba vijia ndani ya jani. Fukusi huyo wa majani aliachiwa pia Guam na Saipan katika miaka ya 2000, baada ya kuchunguzwa kama angeweza kuidhuru ile Zehneria ya asili niliyoitaja.

Kwa mwenye bustani maana yake ni hii: kabla hujaanza kazi, tazama majani na mashina. Jani lenye vijia vyeupe vinavyopindapinda na vitundu vidogo vya duara, au shina lililovimba bila sababu, linaonyesha kwamba wadudu hao wapo na wanafanya kazi. Hapo usinyunyizie dawa ya kuua wadudu hata kidogo. Elekeza nguvu zako kwenye mimea iliyo karibu na nyumba, shamba na njia, na magenge au makorongo yasiyofikika uwaachie wadudu. Kuwahamisha mwenyewe kwenda kisiwa kingine ni kosa kubwa na mara nyingi ni kinyume cha sheria, kwani uchunguzi uliofanywa kwa kisiwa kimoja hauhalalishi kumwachia mdudu katika kingine chenye mimea yake ya asili.

Kurudi na kutazama

Baada ya kazi ya kwanza, rudi kila mwezi. Machipukizi ya kiazi kilichobaki hutoka karibu na shimo la zamani, na huwa manene tangu siku ya kwanza. Miche ya mbegu huwa myembamba na huota zaidi chini ya matawi ambayo ndege hupumzikia, kando ya uzio na chini ya nyaya. Yote mawili yang'olewe kabla hayajafika urefu wa mkono. Usisimamishe ukaguzi kwa sababu mwezi mmoja umepita bila kuona kitu, hasa kama mwezi huo ulikuwa wa kiangazi, kwani mvua ya kwanza huamsha vilivyolala. Udongo uliobaki wazi ufunikwe haraka kwa matandazo na kupandwa mimea ya asili ya mahali hapo yenye kivuli kizito.

Kwa wanaoipenda mboga hii, na ni wengi wenye haki ya kuipenda, ushauri wangu ni kutoipanda katika kisiwa ambacho haikutokea, hata kama majirani tayari wanayo. Hawaii imeuweka mtindora kwenye orodha rasmi ya magugu hatari, na huko kuupanda au kuusafirisha kuna adhabu. Baadhi ya watu hupendekeza kupanda mmea dume pekee ili usizae. Ni kweli kwamba kipandikizi hurithi jinsia ya mmea kilikotoka, na kwamba dume halitoi tunda, lakini chavua yake huchavusha majike ya porini, na mashina yake huota mizizi sawasawa na ya jike. Pale ambapo sheria inaruhusu kuchuma, chuma ncha laini kutoka kwenye mimea iliyokwisha kuenea porini, katika sehemu isiyopuliziwa dawa, ziwe hazina kifundo kigumu, na uzipike siku hiyo hiyo. Mabaki ya jikoni yachemshwe kabla ya kutupwa.

Na kama unaishi katika kisiwa ambacho mtindora bado haujajulikana, kisha ukauona mmoja umepanda ukutani kwa mtu ukiwa na maua yake meupe, piga picha ya jani, ua na tunda, uandike mahali ulipo, na utoe taarifa kwa idara ya kilimo au ya karantini ndani ya wiki hiyo. Mmea mmoja wenye shina lisilozidi unene wa kidole gumba huondolewa na watu wawili kwa asubuhi moja.